Kahe: mzee wa gengi alivyonifundisha kusoma reli

Nilipangiwa kufundisha Kahe mwaka 2011, ndo nimetoka chuo, na kabla ya kusoma ile barua sikuwahi hata kulisikia jina la Kahe. Ni huko chini ya Moshi, kilomita kama 20 hivi, tambarare, joto, vumbi, mlima Kilimanjaro unauona asubuhi uko wazi mpaka kama saa tatu mawingu yanaufunga. Na kuna stesheni. Wakati nafika treni ya abiria ilikuwa imeshaacha kupita miaka mingi, kwa hiyo mtu mgeni kama mimi unaona jengo, unaona reli majani yamepanda juu, mbuzi wamelala kivulini, basi unapita na bodaboda unaenda zako. Nilipita hivyo karibu mwaka mzima.

Nilikuwa nafundisha Historia darasa la tano na la sita. Siku hiyo somo lilikuwa ukoloni na njia za usafirishaji, nikaona nitumie mfano wa hapo hapo ili watoto waelewe, nikawaambia reli zote hizi mnazoziona hapa stesheni, hii ya Tanga na ile ya kwenda Voi Kenya, zilijengwa na Wajerumani ili wachukue katani na kahawa. Nilisema kwa sauti ya uhakika kabisa. Sikuwa nimesoma popote kwamba ile ya Voi ni ya Wajerumani, nilijaza tu, nikaona si zote ziko sehemu moja, bila shaka aliyejenga ni mmoja. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono akasema, mwalimu, babu anasema ile ya Voi ni ya vita. Nikamwambia tutaangalia, nikaendelea ubaoni. Mpaka leo lile "tutaangalia" linanisumbua maana sikuwa na nia ya kuangalia.

Kesho yake wakati wa mapumziko naambiwa kuna mzee getini ananiuliza. Nikatoka nikamkuta amesimama chini ya mti, amevaa koti japo jua lilikuwa kali, mkononi ana fimbo fupi nyembamba. Nikamwambia shikamoo babu. Akaitikia marahaba mwalimu, habari za watoto. Tukasalimiana vizuri, akaniuliza nyumbani ni wapi, wazazi wazima, nimeizoea Kahe, hakuna hata neno moja kuhusu somo langu la jana. Mwishoni kabisa ndo akasema, mwalimu, Jumamosi kama huna kazi njoo stesheni kuna kitu nataka tukiangalie pamoja. Wangapi wangekuja kumwambia mwalimu mbele ya watoto kwamba umewadanganya? Yule mzee alinihifadhi. Hilo lilinigusa kabla hata sijajua anachotaka kunionyesha.

Jumamosi nikaenda. Alikuwa mtu wa gengi, yaani wale wanaotembea kwenye njia kila siku na nyundo na spana, wanakaza bolti, wanashindilia kokoto chini ya mataruma, yale mapande ya kukingama yanayobeba reli, wanaangalia reli isipinde. Alianza kazi kijana kabisa wakati wa East African Railways and Harbours, lile shirika lililounganisha reli za Kenya, Uganda na Tanganyika mwaka 1948. Ameitembea njia ile kwa miguu miaka mingi kiasi kwamba alikuwa hatazami anakokanyaga, mguu wenyewe unajua taruma linalofuata liko wapi, na mimi nyuma yake najikwaa.

Akaniuliza swali moja. "Mwalimu, hii ya Tanga na ile ya Voi, ipi ilimkuta mwenzake?"

Sikuweza kujibu. Ni swali la mtoto ukilisikia, lakini ndani yake kuna historia yote ya pale. Nikamwambia babu sijui. Akafurahi, nilimwona usoni, akasema basi twende.

Ile fimbo kumbe haikuwa ya kutembelea, ilikuwa ya kupimia. Ilikuwa na alama mbili zimekatwa kwa kisu, huku moja na huku moja, na kati yake ni mita moja kamili. Akainama kwenye njia ya Tanga, akaiweka ile fimbo katikati ya reli mbili, kutoka ukingo wa ndani wa hii mpaka ukingo wa ndani wa ile, alama zikakaa sawasawa. Akanyanyuka. Tukatembea mpaka kwenye njia ya Voi, ile iliyomezwa na majani, akafyeka kidogo kwa mguu, akaniambia sasa weka wewe. Nikapiga magoti, chuma kilikuwa cha moto kweli kweli, ukigusa unatoa mkono, nikaweka fimbo. Mita moja. Sawasawa na ile ya kwanza.

"Maadui wawili," akasema, "lakini kipimo kimoja."

Hapo ndo akaanza kunieleza, na mimi baadae nikaenda kusoma nikakuta alichosema kiko hivyo. Wajerumani walianza reli yao Tanga mwaka 1893. Walienda taratibu mno, mpaka Muheza tu, kilomita kama 40, ikawachukua hadi 1896, ile kampuni iliyokuwa inajenga ikaishiwa pesa na mwaka 1899 serikali yao ikabidi iichukue. Korogwe wakafika 1902, Mombo 1905, na Moshi ndo 1911. Miaka 18 kwa njia ya kilomita kama 350! Wakati huo huo Waingereza upande wa pili walianza Mombasa mwaka 1896 na Desemba 1901 walikuwa wameshafika Kisumu ziwani. Kila mmoja alijenga yake, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni, lakini wote walitumia upana wa mita moja kwa sababu ni rahisi kujenga, unapita kwenye milima na kona kali bila kuchimba sana. Hawakukubaliana, kila mtu alikuwa anabana matumizi kwake.

Kwa hiyo wakati Kahe inapata reli yake ya kwanza ilikuwa ni kituo tu cha kupita, treni inatoka Tanga inaenda Moshi, basi. Hakuna njia panda.

Halafu vita ikaja, Agosti 1914. Wajerumani wakavuka wakaichukua Taveta, wakawa wanatuma vikundi vidogo usiku vinavuka nyika kwenda kulipua reli ya Waingereza kule upande wa Voi na Tsavo. Na Novemba 1914 Waingereza walipojaribu kuingia Tanga kwa meli, kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliwasomba askari wake kutoka Moshi kwa treni akawashusha Tanga, na Waingereza wakapigwa vibaya. Mzee aliniambia hilo akiwa amesimama katikati ya njia, mkono ameunyoosha kusini, akasema "walipita hapa hapa, mwalimu, hapa uliposimama." Nilikuwa nimefundisha vita vya Tanga mara ngapi sijui, haikuwahi kunijia kichwani kwamba wale askari walifikaje Tanga upesi vile. Nilikuwa nafundisha tarehe.

Sasa Waingereza wakajifunza. Kati ya Voi na Taveta ni zaidi ya kilomita mia za nyika kavu, jeshi likipita hapo kwa miguu linakufa kiu kabla halijamwona adui. Kwa hiyo mwaka 1915 wakaanza kusukuma reli kutoka Voi kuelekea magharibi, waliojenga wengi ni vikosi vya reli kutoka India, wakafika Maktau, na maji wakayavuta kwa bomba kutoka milima ya Bura. Reli inaenda na jeshi linaenda, jeshi linapigana mbele reli inatandikwa nyuma. Februari 1916 Waingereza walipigwa kwenye kilima cha Salaita, Machi wakarudi na nguvu kubwa chini ya Jenerali Smuts, Taveta ikachukuliwa, Moshi ikachukuliwa, halafu Wajerumani wakarudi nyuma wakajipanga wapi? Kahe.

Tarehe 21 Machi 1916 hapo palikuwa na mapigano makali, kwenye vichaka na mito ile ile ambayo leo watu wanamwagilia mashamba. Wajerumani walikuwa na mzinga mkubwa uliotoka kwenye meli ya Königsberg, ile iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915, mizinga yake kumi ya milimita 105 ikaopolewa ikasambazwa nchi nzima. Mmoja wake ulikuwa Kahe. Usiku ule waliondoka, mzinga wakaulipua wenyewe kwa sababu haubebeki, daraja la reli la mto Pangani wakalilipua pia, wakashuka kusini. Masika yakaanguka, kila kitu kikasimama kwenye matope. Na ile reli ya Voi ikaendelea kuja, ikavuka Taveta, ikaja ikaishia hapa, ikaungwa na reli ya Mjerumani. Kipimo kimoja. Hawakuhitaji kubadilisha upana wa njia, wakaunga tu na kupitisha mabehewa.

Kwa hiyo ya Voi ndo iliikuta ya Tanga. Yule mtoto alikuwa sahihi kwa neno lile lile alilotumia, ni reli ya vita.

Nililokuja kulijua baadae kwa huyu mzee, na ambalo nimelitumia mpaka kwenye mambo mengine ya maisha, ni kwamba hakunipa jibu mpaka nimepiga magoti. Angeweza kunieleza yote chini ya mti pale shuleni kwa dakika kumi. Ningesahau. Lakini nikiweka ile fimbo mwenyewe, chuma kinaniunguza vidole, nimeelewa kwa nini nchi mbili ziliungika hapo na sisahau mpaka naingia kaburini. Tangu siku hiyo nikabadilisha namna ya kufundisha, nikawa natoka na watoto, fimbo ile tukachonga nyingine kumi, kila kundi linapima, na wanaandika wenyewe walichokiona kabla sijasema neno. Jumatatu ile ya kwanza nilisimama mbele ya darasa nikawaambia nilichowaambia wiki iliyopita kuhusu reli ya Voi hakikuwa kweli, na mwenzenu hapa alikuwa sahihi. Yule mtoto aliinamisha kichwa kwa aibu lakini anatabasamu. Wala hawakunidharau, badala yake maswali yaliongezeka sana, kila mmoja anakuja na la babu yake na bibi yake.

Basi tukawa tunatembea kila Jumamosi, mimi na mzee. Alinifundisha kuona. Kwa mfano mimi nilidhani reli kuukuu ni ile ile iliyowekwa na Wajerumani, nikaona mwaka umeandikwa kwenye kiuno cha reli, herufi na namba zimenyanyuliwa kwenye chuma chenyewe, 19 na nyingine mbili zimeliwa na kutu hazisomeki, nikapiga kelele babu nimepata! Akaja akainama akapapasa na kidole gumba kama mtu anayesoma, akaniambia taratibu mwalimu, reli ni kama shati, inavaliwa, inachakaa, inabadilishwa, huu ni mwaka chuma kilipotoka kiwandani, siyo mwaka reli ilipowekwa hapa. Inaweza ikawa imefanya kazi sehemu nyingine ikahamishiwa huku. Ukitaka kitu kisichobadilika angalia njia ilipopita, angalia tuta, angalia daraja, kwa sababu chuma kinabadilishwa lakini hakuna anayehamisha tuta la udongo. Na akanionyesha mataruma ya chuma, akasema Mjerumani alipenda ya chuma kwa sababu mbao mchwa walikuwa wanamaliza. Nikaanza kuelewa kwamba hata ushahidi ulioshika mkononi unahitaji mtu wa kukueleza ni ushahidi wa nini.

Na ile nafasi ndogo kati ya reli na reli, ile inayofanya treni ipige ta-tak ta-tak, mimi nilidhani ni kazi mbaya, mafundi hawakufikisha. Kumbe inaachwa makusudi maana chuma kinarefuka kwenye jua, ukiibana mchana wa Kahe njia inapinda kama nyoka. Mzee alikuwa akitembea mchana anaziangalia zile nafasi, akizikuta zimefunga kabisa anajua leo kuna hatari. Hiyo ndo ilikuwa kazi yake, miaka yote ile, kuangalia nafasi ndogo ya unene wa kidole.

Habari za ndani ya stesheni alinisimulia pia ingawa hakuwa mtu wa ndani, zile za laini klia. Njia ni moja, treni zinatoka pande mbili, kwa hiyo treni haiondoki mpaka stesheni masta wa hapa apige simu kwa wa mbele, wakubaliane njia iko wazi, iandikwe kwenye daftari na saa yake, halafu dereva anapewa kitu cha kushika mkononi kama uthibitisho, bila hicho haachii breki hata awe na haraka ya namna gani. Sasa stesheni ya kawaida ina pande mbili, Kahe ilikuwa na tatu. Upande wa Tanga, upande wa Moshi, upande wa Voi. Simu zinalia tatu, usiku, taa za mafuta, mvua, mtu mmoja ndani na mmoja nje kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika. Alisema stesheni masta wa zamani alikuwa anarudia kila neno kwa sauti, namba ya treni, saa, jina la stesheni, na yule wa upande wa pili anarudia tena, na hakuna aliyeona wenzake wanachelewesha. Nilipenda sana hilo. Kuna vitu lazima virudiwe mara mbili hata kama mnaaminiana, hasa kama mnaaminiana.

Baada ya ile vita Tanganyika ikawa chini ya Waingereza na ile reli haikung'olewa, ikaanza kubeba mizigo, na hapo ndo kukawa na kuvutana, maana kahawa ya Kilimanjaro ikifika Kahe ina njia mbili za kwenda baharini, ishuke Tanga au igeuke Mombasa. Njia ya Moshi ikaendelezwa mpaka Arusha, ikafika 1929. Tanga na Dar hazikuwa na reli ya kuziunganisha mpaka 1963 ilipowekwa ile ya Ruvu kwenda Mnyusi. Fikiria hilo, kwa zaidi ya miaka arobaini mtu wa Kahe angeweza kupanda treni akaenda Nairobi, na kuanzia 1931 hata Kampala, lakini Dar es Salaam hawezi.

Sasa nije kwenye kosa langu la pili, ambalo ni kubwa kuliko la kwanza.

Nilinunua simu yenye kurekodi, nikaanza kumrekodi mzee. Miezi mingi. Nilikuwa na masaa na masaa ya sauti yake, majina ya wenzake wa gengi, nyimbo walizoimba wakati wa kunyanyua reli, yule mmoja anaanzisha wote wanaitikia na nguvu zinatoka kwa pamoja, habari za babu yake aliyebebeshwa mizigo ya jeshi vita ya kwanza na hakurudi, yeye na maelfu kwa maelfu wengine, ambao jina lao la Carrier Corps limebaki kwenye Kariakoo ya Dar na watu wanaenda kununua vitu pale kila siku bila kujua. Vyote nikaviacha kwenye simu. Siku moja navuka mfereji wa maji mashambani nikateleza, simu ikaingia majini na haikuwaka tena. Fundi wa kwanza akasema haiwezekani, wa pili Moshi mjini akasema haiwezekani. Nililia, sioni haya kusema.

Nilipoenda kumwambia mzee nilidhani atakasirika. Akanyamaza muda mrefu. Akasema "mwalimu, sisi kila kitu tulikuwa tunaandika siku ile ile, kwenye karatasi. Ukisema nitaandika kesho, kesho una kazi ya kesho." Tukaanza upya. Nikawa nakaa naye saa moja tu, siyo tatu, narudi nyumbani naandika kwenye daftari usiku ule ule kabla ya kulala, na Jumamosi inayofuata namsomea nilichoandika anasahihisha. Lakini vitu vingine havikurudi. Nyimbo zilirudi nusu. Kuna majina ya watu aliyataja mara ya kwanza, mara ya pili hayakuja kabisa, anakunja uso anatafuta, hayaji. Watu wale walikuwepo kwenye simu yangu kwa miezi minne halafu wakaondoka, na ni mimi niliyekuwa nimewashika.

Nikasema labda makaratasi yapo sehemu. Nikaenda ofisi moja mjini, nikarudishwa, nikaenda tena, mara ya tatu mtu mmoja mwungwana akanieleza wazi kwamba madaftari ya zamani ya stesheni ndogo yalikaa stoo mpaka paa likavuja na mengi yakatupwa. Kwa hiyo zile saa zote zilizorudiwa mara mbili kwenye simu, usiku, na taa ya mafuta, hazipo. Wewe unayesoma hapa kama una mzee wa reli, wa meli, wa posta, wa kiwanda cha katani, nenda mwezi huu na daftari. Usiende na maswali 20 umeyaandika kama mtihani, mzee akiona karatasi ya maswali anakujibu kama yuko polisi. Mwombe akupeleke sehemu alipokuwa anafanyia kazi. Miguu inakumbuka kuliko mdomo, akifika sehemu fulani anasimama mwenyewe na hapo ndo kuna hadithi.

Kuna sehemu moja tulikuwa tukifika anasimama kila mara, ni kwenye ile njia ya Voi, mbali kidogo na stesheni. Hakuwa anasema kitu. Nikaacha kumuuliza. Kama baada ya mwaka hivi akasema mwenyewe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, Februari ile mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Shirika la reli lililokuwa moja likagawanyika, kila nchi ikashika injini na mabehewa yaliyokuwa kwake. Wao wa gengi walikuwa wameshanyanyua njia pale aliposimama, walikuwa wamefungua bolti kadhaa wabadilishe taruma bovu, jioni ikafika wakasema tutamalizia kesho. Kesho hawakupelekwa. Wiki, mwezi. Ile kazi ikabaki hivyo hivyo.

Nikamuuliza, babu, treni ya mwisho kutoka Voi unaikumbuka? Akasema "sikuitazama. Nilijua nyingine inakuja."

Mpaka ulifunguliwa tena 1983 lakini njia ile haikurudi kama zamani, na Kahe ikaanza kuwa hiyo niliyoikuta mimi. Nyumba za wafanyakazi zikabaki na watu wachache. Watu walioishi na mshahara wa reli wakaingia kwenye mpunga na mahindi. Halafu treni ya abiria ya upande wetu nayo ikaacha, kukawa kimya. Watoto niliokuwa nawafundisha walikuwa hawajawahi kuona treni ya abiria hata mara moja na wanaishi mita chache kutoka kwenye reli, wanaitumia kama njia ya kwendea shule. Kuna wezi wa vyuma walikuwa wanapita usiku pia, wanang'oa vitu wanaenda kuuza kilo, mzee alikuwa akiona sehemu imeng'olewa anaguswa kama mtu aliyevunjiwa nyumba.

Mwaka 2019 tukaanza kuona watu wa reli. Wanafyeka, wanabadilisha mataruma, wanamwaga kokoto. Mzee wakati huo masikio yalikuwa yameshakufa karibu yote, unamsemesha kwa kupiga kelele, lakini alikuwa anakwenda kila siku anakaa juu ya jiwe anaangalia vijana wanavyoshindilia. Kwanza walidhani ni mzee tu hana kazi. Siku ya pili ya tatu hivi akanyanyuka akachukua chombo kwa kijana mmoja akamwonyesha pembe ya kuingizia kokoto chini ya taruma, mara moja tu, akarudisha, akakaa. Baada ya hapo wakawa wanamwita babu na wanamwachia nafasi kivulini.

Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar kwenda Moshi ikarudi. Shule ilikuwa imefungwa, watoto wote walikuwa reli, wakina mama na khanga zao mpya, vijana simu juu. Nilimfuata mzee nyumbani nikamshika mkono tukaenda, tukasimama pembeni ya njia, siyo kwenye jengo, yeye hakutaka kwenye jengo. Ikaja. Honi hakuisikia, mimi nilimbonyeza bega. Watu wakapiga vigelegele, watoto wanakimbia sambamba na mabehewa, mimi mwenyewe machozi, nimeinua uso natazama madirisha, abiria wanapunga mikono.

Nikamtazama mzee nione anaonaje. Alikuwa hatazami treni. Ameinama, mikono kwenye magoti, anatazama chini kwenye mataruma wakati magurudumu yanapita juu yake, midomo inahesabu. Treni ikaisha kupita watu bado wanashangilia, akanivuta mkono akanionyesha mbele yetu kwa ile fimbo.

"La tatu na la nne," akasema kwa sauti ya juu ya mtu asiyesikia, "yanapumua. Kokoto zimepungua chini. Twende tukawaambie vijana kabla haijarudi."

Tukaenda.